Seti nzima ya mtumba, au kimoja kimoja? Vifaa vya kuzamia kwa anayeanza, Malindi

Kijana wa Maweni

Salaam alaikum wakubwa. Niko Malindi, nafanya kazi kwenye boti ya kioo inayopeleka wageni hifadhi ya bahari kutoka Casuarina. Mwezi wa kumi na mbili nilimaliza kozi ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi, ile yenye kikomo cha mita 18, na nia yangu ni kuendelea mpaka niwe mwongozaji. Tangu cheti kitoke nimekuwa nakodi vifaa. Kila nikishuka miwani inaingiza maji pale juu ya mdomo, mapezi yanapwaya hadi kidole kinachubuka, na jaketi la kujazwa hewa leo ni hili kesho ni lile, vitufe vya kila moja viko mahali pake.

Sasa kuna mzee wa Kiitaliano anayejuana na bosi wangu, anauza nyumba arudi kwao baada ya Pasaka. Ana seti nzima: regulata (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) ya kubana kwa klempu pamoja na kidomo cha akiba na geji ya kupimia hewa, jaketi saizi L, mtungi wa chuma wa lita 12, wetisuti (suti ya mpira ya kuzamia) ya milimita 5, miwani, mapezi ya mguu 44-45, na mkanda wa vipande vya risasi vya kuzamishia, kilo 8. Kompyuta ya kuzamia, ile ya kufunga mkononi, ameshampa mwanawe. Anataka 65,000 kwa vyote. Mimi nina 70,000 za mchezo (upatu) wetu wa pale botini, zamu yangu imefika. Nina kilo 61, mguu 42.

Ami yangu, anayezamia kamba mawe kwa pumzi tu, ananiambia nichukue upesi kabla hajaja mwingine, vifaa vya Italia havifi. Naomba mwenye ujuzi anieleze: nichukue seti, au nianze na kimoja kimoja? Na kipi kwanza? Nipeni na sababu, si jina la kampuni tu.

Fundi wa Shella

Wa alaikum salaam mwanangu. Kazi yangu ni kufungua na kufunga regulata, na seti kama hiyo naijua. Kaskazi ikielekea kwisha kuna nyumba zinafungwa hapa mjini na mabegi ya vifaa yanatafuta watu. Mengine ni mali safi kabisa. Lakini usinunue fungu. Mwambie akutajie bei ya kila kitu peke yake, kisha nunua kwa mwili wako, si kwa begi lake. Mwenye mguu wa 45 na jaketi L si mwenzako kwa umbo.

Anza na miwani, mpya, uichague kwa uso wako mwenyewe. Ibandike usoni bila kupitisha ukanda nyuma ya kichwa, vuta pumzi kidogo kwa pua, ondoa mkono. Ikishika na hewa isipenye, hiyo ni yako. Ikidondoka irudishe, hata muuzaji akwambie ni ya bei gani. Halafu rudia ukiwa na snokeli, ule mrija wa kupumulia, mdomoni, na jambo hili wengi hawalifanyi: mdomo ukiuma kitu, mashavu hubadilika umbo na pale chini ya pua ndipo panapofunguka. Hayo maji unayoyalalamikia huingilia hapo. Kama unafuga masharubu, nyoa ukanda mwembamba chini kabisa ya pua ili mpira upate ngozi ya kushika. Kioo kiwe na maandishi ya Tempered, yaani kilichoimarishwa, na mpira uwe wa silikoni laini. Chagua ile yenye nafasi ndogo ya hewa ndani, kwani maji yakiingia unayatoa kwa pumzi moja ya pua.

Na ile miwani ya macho matupu anayotumia ami yako, usishuke nayo na mtungi hata siku moja. Ukifika mita 10 mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyofungwa ndani ya miwani inasinyaa, na kama pua imebaki nje huna njia ya kuipulizia. Matokeo yake macho yanavutwa hadi vimishipa vinapasuka.

Mapezi ya kuvaa kama kiatu yanatosha kwa mgeni anayeshuka botini na kupanda botini. Wewe utakuwa mtu wa kazi. Utasukuma boti ufuoni, utashuka mwambani maji yakiwa yamekupwa, na wale viumbe weusi wa miiba mirefu hawamjui mwongozaji. Nunua ya kisigino wazi na viatu vyake, uvijaribu vyote pamoja. Ukiweza kupata ukanda wa springi badala ya ule wa mpira wa kuvuta, lipa hiyo nyongeza; mpira hukatika asubuhi ambayo wageni wameshakaa botini.

Wetisuti yake iache. Suti inakupa joto kwa sababu maji kidogo yaliyo ndani hayazunguki, na ikipwaya kila teke la mguu linaingiza mapya. Kaskazi maji yetu ni nyuzi 28 au 29, milimita 3 zinatosha. Kusi huyashusha hadi 25 hivi, na mtu anayeshuka mara mbili kwa siku, siku baada ya siku, hutetemeka hata hapo. Ongeza fulana ya mpira yenye kofia, uivae ndani ya ile ya 3.

Baada ya hivyo vya mwilini, pesa kubwa iende kwenye kompyuta, na ndiyo pekee iliyokosekana katika seti yako. Kompyuta inafuata kina na muda wako wewe na kukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini mwako. Ukitegemea ya mwongozaji aliye mita 12 huku wewe uko 17 ukichungulia kasa chini ya mwamba, hesabu yake si yako. Na mukishuka tena mchana, yako inakumbuka ya asubuhi. Inakulilia ukipanda kwa kasi, zaidi ya mita 9 hivi kwa dakika, na inakuhesabia zile dakika 3 za kusimama kwenye mita 5. Usihangaike na kioo cha rangi wala na ile inayosoma yenyewe hewa ya mtungi. Tafuta yenye tarakimu kubwa, kwa sababu mvua za bara zikinyesha mto Sabaki unateremsha udongo wake na bahari ya hapa mjini inakuwa chai ya maziwa. Maandishi madogo huyaoni. Na betri iwe ya kubadilisha mwenyewe kwa sarafu au bisibisi. Ile ya kupelekwa kwa wakala nje ya nchi itakulaza bila kazi.

Sasa regulata ya mzee. Usiikatae kabla ya kuiona, lakini nenda na macho ya fundi. Fungua kile kifuniko cha vumbi kwenye kichwa kinachobana mtungi, utazame kichujio cha chuma kilichopo mlangoni. Kikiwa cha rangi ya fedha, vizuri. Kijani maana yake maji ya chumvi yaliingia ndani. Wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Weusi ni vumbi la mkaa kutoka kompresa (mashine ya kujazia hewa) mbovu. Kisha rudisha kifuniko, kaza, weka kidomo mdomoni ufyonze. Hewa isipatikane kabisa. Ukipata hata kidogo, kuna tundu kwenye kiwambo (utando wa mpira ndani ya kidomo) au vali ya kutolea pumzi haikai. Fanya hivyo kwa vidomo vyote viwili, maana kile cha akiba ndicho mwenzako atakachopumulia siku yake imeharibika. Vuta nyuma vifuniko vya mipira ya kupitishia hewa, kila mpira upinde polepole karibu na chuma. Nyufa hujificha pale. Sindano ya geji irudi kwenye sifuri. Mwisho, andika jina na namba ya modeli, uulize kama vipuri vyake bado vinatengenezwa. Regulata nzuri ambayo vipuri vyake vimekoma ni chuma cha kuuzwa kwa kilo.

Na hata ikifaulu yote, iliyokaa kabatini miaka haina budi kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishwa mipira yake ya ndani kabla ya kushuka nayo. Weka gharama hiyo ndani ya bei unapozungumza naye.

Mwongozaji, Watamu

Fundi, kwa heshima zote, hapo kwenye kompyuta kabla ya regulata mimi sikubaliani. Kompyuta ya kukodi inafanya kazi sawasawa na ya kununua. Unaifunga mkononi, basi. Regulata ndiyo roho yako. Unajua inavuta vipi, unajua nani aliitemea mate jana, unajua ilioshwa au haikuoshwa. Vijana wangu wawili nimewashauri waanze na regulata mpya ya kawaida na hawakujuta. Hata ile ya pistoni isiyo na mbwembwe, kwa mita 18 inapumua bila tabu.

Kwako kijana, jambo moja halijatajwa. Nunua boya la kupuliza la rangi ya chungwa, kamba yake ya mita 15 au 20 na firimbi. Ni pesa kidogo kuliko vyote hapo juu. Maji ya bamvua yakitoka hori ya Mida yanakwenda kwa kasi, na ukiibuka mita mia mbili kutoka botini wakati kuna vilima vya mawimbi, nahodha haoni kichwa cheusi cha mtu. Boya analiona. Mimi simshushi mzamiaji nje ya mwamba bila boya, awe mgeni awe mwenyeji. Jifunze kulirusha ukiwa chini kwenye mita 5, lakini kwanza kwenye maji tulivu na mwalimu, kwani kamba ikinasa kwenye jaketi boya litakupandisha nalo.

Fundi wa Shella

Kaka, boya nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu regulata, nieleze ninachokiona mezani kwangu. Kituo kinachokodisha kina ratiba: kila mwaka regulata zinakuja, zinafunguliwa. Kijana aliyenunua yake hushuka nayo miaka mitatu kwa sababu bado inatoa hewa. Kutoa hewa si kipimo. Ndani yake kuna kiti cha plastiki kinachozuia mkandamizo wa mtungi, unaoanza kama bar 200 (bar ni kipimo cha mkandamizo), na kuushusha hadi 9 au 10 juu ya ule wa maji yaliyokuzunguka. Kile kiti kikichoka, mkandamizo unapanda pole pole mpaka kidomo kinaanza kupiga hewa chenyewe. Kwa hiyo kijana mwenye 70,000, akizimaliza kwenye regulata mpya, mwakani ataifanyia matengenezo kwa pesa ipi? Akodi, aombe apewe namba ile ile kila siku, aipime kabla boti haijaondoka. Akianza kulipwa ndipo anunue yake.

Binti wa Mkunguni

Assalaam alaikum. Mimi ni wa Lamu, huteremka Watamu nikipata nafasi ya kuzamia. Naongeza mambo ambayo wanaume hawayafikirii, huenda yakamsaidia kijana atakapoongoza wanawake.

Nywele. Unywele mmoja uliopita chini ya mpira wa miwani unatosha kuingiza maji muda wote. Mimi huvaa kofia nyembamba ya wazamiaji, inabana nywele zote, inanisitiri, na mpira wa miwani unakaa juu ya ngozi ya paji la uso, kofia haipiti chini yake. Juu ya wetisuti huvaa kaptura ndefu ya kuogelea na fulana nyepesi ya mikono. Vinanyumbuka, havinasi. Buibui au kanga inayoelea ni hatari, inafunika vitufe vya jaketi na inaweza kunasa kwenye vali ya mtungi nyuma ya shingo ambapo mkono haufiki.

Jaketi usichukue L, kaka yangu. Niliwahi kupewa kubwa kwa sababu dogo lilikuwa limekodiwa. Nikiwa juu ya maji nikalijaza hewa, likapanda lenyewe mpaka mabega yakaziba masikio na mimi nikabaki nimening'inia ndani. Chini nako mtungi ulikuwa unalala upande, nikienda nao. Lijaribu ukiwa na wetisuti, lipulize hadi lijae, mtu akushike mabegani alivute juu. Lisiondoke. Na kifua kisikubane ukivuta pumzi yote.

Tena uzito. Wengi tunaanza na risasi nyingi kwa sababu mwalimu anataka tushuke upesi, kisha tunapigana na jaketi muda wote, hewa inakwisha. Mtungi ukikaribia bar 50, simama wima juu ya maji, jaketi tupu, pumzi ya kawaida imeshikwa. Maji yakifika machoni basi umepata. Ukizama, punguza kilo moja ujaribu tena.

Kijana wa Maweni

Shikamooni wote, na ahsante sana. Leo Jumapili nimekwenda nyumbani kwa mzee na orodha ya Fundi mkononi. Ni mtu mwema, ameniacha nifungue kila kitu mezani.

Kichujio cha regulata ni kijani kibichi kwa ukingoni, katikati bado fedha. Kidomo kikubwa kimeshika vizuri nilipofyonza, cha akiba kinapitisha hewa kidogo. Geji imesimama kwenye 20 bila mtungi. Jaketi tulilijaza hewa tukala chakula cha mchana, tuliporudi lilikuwa gumu vile vile, ila dada wa Lamu amesema kweli, limenipanda mpaka masikioni. Mtungi kwa nje unang'aa, muhuri wa mwisho wa kipimo begani umeandikwa 2013. Mapezi nilivaa na soksi mbili, bado.

Amesema regulata peke yake 20,000, mtungi 15,000, risasi na mkanda 4,000. Mtungi unanivuta, wakubwa. Nikiwa na wangu silipi kukodi, najaza tu.

Fundi wa Shella

Marahaba. Umefanya kazi nzuri, na mzee huyo anastahili shukrani kwa kukuacha ufungue.

Mtungi uache, mwanangu, na nitakueleza kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo vijana wanaponasa. Chupa ya lita 12 ikijazwa bar 200 imebeba lita 2,400 za hewa. Nguvu iliyomo ni ya kubomoa chumba. Ndiyo maana hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na hukaguliwa ndani kila mwaka kama kuna kutu. Huo wa 2013 umepitwa. Kompresa yoyote inayojiheshimu haitaujaza, na ile itakayokubali kuujaza, mimi nisingepumua hewa yake. Chuma hula kutu kwa ndani ikiwa tone moja la maji ya bahari liliingia, na rangi nzuri ya nje haisemi lolote. Ukilipa 15,000, ukalipia na kipimo, kisha kipimo kikaukataa, umenunua nanga. Na kukodi mtungi kwa kawaida huja pamoja na hewa yake na mahali botini.

Ukitaka kujua hewa hiyo inakwenda vipi, piga hesabu hii kabla ya kila kuzamia. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 10 anatumia 40, kwenye mita 20 ni 60. Toa akiba ya bar 50, yaani lita 600. Zinabaki 1,800, ambazo kwa mita 20 ni dakika 30 tu, kushuka na kupanda humo humo. Anayeanza huvuta zaidi ya hapo. Jaketi linalokukaa na risasi zilizopimwa zitakuongezea dakika nyingi kuliko mtungi wako mwenyewe.

Regulata: kijani cha ukingoni, kidomo cha akiba kinachopitisha, geji mbovu. Geji ni ya kutupa, usijaribu hata kuitengeneza. Kile cha akiba huenda ni kiwambo tu. Kichwa lazima kifunguliwe nione chumvi ilifika wapi. Ningempa 8,000, si zaidi, na kwa sharti kwamba vipuri vya modeli hiyo vipo. Akikataa mshukuru uondoke. Mwenzetu wa Watamu atakubaliana nami, regulata ya kwanza ya mtu isiwe ya kubahatisha.

Mwongozaji, Watamu

Nakubali. Kwa hali hiyo aiache kabisa hata kwa 8,000, geji mpya na matengenezo vitamfikisha karibu na mpya ya kawaida. Na Fundi, hoja yako ya matengenezo ya mwaka nimeichukua. Wale vijana wangu wawili nitawauliza kesho walizipeleka lini.

Kijana wa Maweni

Basi regulata na mtungi nimeviacha. Nitanunua miwani, mapezi na viatu, wetisuti ya 3, boya na firimbi, halafu kompyuta kwa zitakazobaki, kama zitapungua nitangoja zamu ijayo ya mchezo. Jambo la mwisho, miwani mpya naambiwa huingia ukungu sana. Na risasi za mzee je?

Fundi wa Shella

Kioo kipya kina utando wa kiwandani. Paka dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli, sugua kwa kidole ndani ya kioo, suuza, rudia mara kadhaa. Baada ya hapo mate kabla ya kushuka yanatosha. Ukitoka baharini osha kila kitu kwa maji ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi, na anika kivulini. Jua la Malindi linaua mpira kuliko bahari, na usipake mafuta ya nazi wala ya petroli kwenye mpira wowote.

Risasi chukua, hazizeeki. Mkanda kagua bizimu lake lifunguke kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto. Likikwama badilisha bizimu, ni kitu cha bei ndogo. Kwa kilo 61 na suti ya 3 hutahitaji zote 8, zitakazobaki utawapa wageni wako.